Nimelizuia Gari Lako, Mnyamwezi

Mnyamwezi wangu,

Kabla hujafikiwa na maneno ya watu, wacha nikwambie mwenyewe: gari lako nililichukua mie. Lile la kijani cha mchicha, lenye matumbo mawili, la umeme na la petroli, ambalo ulikuwa hutaki hata nzi alitue bila kunawa miguu. Nililichukua mchana kweupe, mbele ya padri, mbele ya ndugu zako waliotoka Tabora, na mkeo akiwa amekaa kwenye mkeka ananitazama. Na ungekuwapo ungekiri kwamba nilipendeza.

Sikuandikii barua ya kilio. Kulia walilia wenye ruhusa. Mie Mzaramo, wewe Mnyamwezi, na kwa mtani msiba ni kazi kama kazi nyingine: wengine wakilia yeye anachekesha, wengine wakibeba jeneza yeye anaziba njia. Nilivaa koti lako la kahawia na kofia yako, nikatembea kama wewe, mkono mmoja kiunoni kwa ajili ya ule mgongo wako, nikawa napita katikati ya wafiwa nauliza lile swali lako la kila siku la muuza mbao, "Mbao zimefika? Jamani, mbao zimefika?" Shangazi yako alicheka mpaka ikabidi ashikwe mabega. Jeneza lilipotaka kutoka nikajilaza mlangoni. Nikasema haendi mtu Kinondoni makaburini mpaka nipewe changu. Wakaniuliza changu nini. Nikainua juu ufunguo wa gari lako, niliokuwa nimeukuta juu ya friji lenu, nikatangaza kwamba gari nimelizuia mpaka niletewe asali ya Tabora, ile ambayo marehemu ameniahidi miaka yote ya kufahamiana kwetu na hajaleta hata ya kulamba kidole.

Desturi unaijua. Mtani akizuia kitu cha marehemu, wafiwa wanakikomboa kwa sarafu, au kuku, au sahani ya wali, watu wanacheka, jeneza linapita. Nilitegemea mkeo, Mama Kulwa, atanyoosha mkono na kijiko cha sukari aseme hii ndiyo asali yako, tumalizane. Badala yake alinitazama, akasema kwa sauti kavu, "Chukua. Sikomboi." Watu wakaangua kicheko, wakidhani naye amenijibu kwa utani. Nami nikacheka, nikanyanyuka, nikapisha. Lakini niliyaona macho yake, Mnyamwezi. Hayakuwa macho ya utani.

Kesho yake dereva wako mmoja akalileta gari Keko. Akaliegesha mbele ya karakana yangu, akanikabidhi waya wa kuchajia, akapanda bodaboda akaenda zake. Nikabaki nimesimama na tepu ya kupimia shingoni, fundi wa makochi mwenye kirikuu cha kubebea mizigo, namtazama mgeni.

Nilikumbuka siku ya kwanza ulipokuja nalo. Ulikuwa umelifunika turubai, umelipakia juu ya lori lako kutoka Mikocheni kwa kuogopa matuta ya Keko, na mtaa mzima ukatoka kuangalia. Nikakwambia hilo si gari, hilo ni mwali: anafichwa ndani, analishwa, anafunikwa, anatolewa siku maalumu watu wamtunze. Jina likashika. Hata wewe ukawa unaliita Mwali. Ulikuja kwa shida ya mgongo, si kwa kujionyesha, ingawa na kujionyesha kulikuwamo. Ulilalamika kwamba kiti kimekaza kama benchi la shule. Nikaingia, nikakaa, nikakupa hukumu yangu: aliyeshona kiti hiki ana mkono mzuri sana, ila hajawahi kukaa barazani. Nikakukatia mto wa kuweka nyuma ya kiuno, nikaufunika kwa kipande cha kitenge kilichobaki kwenye kochi la bibi harusi mmoja wa Mtoni. Kitenge chenye majogoo. Ukasema nimelitia aibu gari la watu. Lakini hukuutoa mto ule hata siku moja.

Siku ile ile nilikuuliza, kwani buti liko wapi? Mtu mwenye ukoo kama wako, gari lina viti viwili na halina buti, wajomba utawabeba kichwani? Nikakukumbusha kwamba babu zenu walitembea kutoka Tabora mpaka pwani na mizigo mabegani, basi kubeba kuko damuni mwenu. Kila mara nilikuchoma na hilo, na kila mara ulijibu jibu moja: "Ipo siku, Mzaramo, utanibebea wewe." Halafu ukaniambia, umekunja uso kama mtu mzima, "Na mbele usiguse. Nyuma kuna injini ya petroli, mbele kuna ya umeme. Umeme ule unaua ng'ombe." Nikaamini. Mie na umeme hatutaniani.

Sasa nikueleze raha, maana ulinificha. Uliniambia ni gari zuri. Kwa nini hukuniambia ukweli wote?

Wiki ya kwanza sikuligusa. Lilikaa katikati ya karakana, kati ya kabati la vyombo na kochi la watu watatu, limefunikwa shuka, na wateja wakawa wanauliza kama nalo linauzwa na kama linakuja na meza yake. Nililichaji kwenye soketi ya ukutani, na hapo nikagombana na Chaurembo, fundi wangu mkuu. Likiwa kwenye chaji, akiwasha randa tu, umeme wote unakata. Ikabidi achague, kupiga randa au Mwali kula. Kwa siku kadhaa, Mungu anisamehe, Mwali ndiye aliyekuwa anakula kwanza. Mbao zako za mninga zikawa zinasubiri kama wagonjwa.

Kisha Jumapili moja, nikishaswali alfajiri, nikasema nilipashe moto tu. Nikabonyeza kitufe. Kimya. Nikadhani limekufa. Nikakanyaga kidogo likateleza nje, Mnyamwezi, halina sauti, paka wamelala kwenye maranda hawakuinua hata sikio. Matuta ya mtaani tuliyavuka kwa ufundi: Chaurembo na mwenzake walitangulia na mbao mbili ndefu, tuta likifika wanazitandika, Mwali anapanda juu yake taratibu, anashuka, wanaziokota, wanakimbilia la mbele. Ndivyo tulivyotoka mpaka lami, bila tumbo lake kuguswa. Halafu nikaingia barabara ya Kilwa iko tupu, nikakanyaga kwa nia. Ile injini ya petroli ikaamka nyuma ya kisogo changu. Sauti iliingia mgongoni, ikapanda, ikakaa kifuani. Moyo nimeuacha Temeke na mwili uko Mbagala. Nilipiga kelele peke yangu humo ndani kama msichana kwenye pembea.

Sikukimbiza sana. Nilikimbiza kidogo. Basi, nilikimbiza.

Trafiki akanisimamisha. Kijana mtanashati, mkanda umekaza. Akalizunguka gari mara mbili kabla hajakumbuka kunisalimia. "Shikamoo mama. Gari la nani hili?" Nikamwambia la mtani wangu. "Yeye mwenyewe yuko wapi?" Nikamwambia Kinondoni, kaburini. Nimelizuia mpaka nipewe asali. Akarudi nyuma hatua nzima. Akaniuliza kama mie ni mzima wa afya. Nikamweleza kabila langu na lako, na ikawa bahati yangu: naye Mnyamwezi. Alicheka akashika goti. Akanionya kuhusu mwendo, kwa haki kabisa, halafu akaniomba apige picha na Mwali. Nimekuwekea picha hiyo kwenye simu. Utamkuta amesimama kama vile ndiye aliyelinunua.

Ungekufa mara ya pili kwa kicheko kama ungeniona wiki zile. Nilianza kuvaa miwani ya jua. Mie! Nilikwenda Mikocheni kumpimia mteja makochi, na mlinzi ambaye siku zote hunisimamisha getini na kirikuu changu anihoji nimekuja kwa nani, safari hii alifungua geti kabla sijapiga honi, akanipigia saluti. Mteja mwenyewe, anayejulikana kwa kubishana bei mpaka jua linazama, hakubishana. Wengine walikuwa kinyume: walinitazama, wakalitazama gari, wakasema sista, kwa utajiri huu hutunyimi punguzo. Kule kwangu Chanika Mwali hafiki, kwa ule mchanga wetu na mashimo, lakini habari zake zilifika. Mpwa wangu ambaye hajawahi kunitumia hata salamu ya Idi alinipigia akinijulia hali ya miguu. Sijawahi kuumwa miguu.

Na mie nilipenda. Wacha niseme. Nilikaa humo na majogoo yako nyuma ya kiuno, na mto unashika mgongo vizuri, kazi yangu ile, nikaona jinsi watu wanavyopisha, nikaona nimeshika kitu ambacho kinafuata mkono wangu kabla sijamaliza kufikiri. Mtu aliyezoea kirikuu, ambacho unakiomba kipande daraja, ghafla anapewa hiki. Kinavimbisha kichwa. Nilianza kusema "gari langu." Mara ya kwanza niliisikia mwenyewe, nikajirekebisha. Mara ya pili sikujirekebisha.

Hapo ndipo shangazi yako aliponipigia. Alianza kwa kunitukana kama ilivyo ada, akaniita mla nazi, tukacheka, halafu akashusha sauti. Akasema arobaini inakaribia. Akasema, "Mzaramo, mwanangu, kitu cha marehemu hakivuki arobaini kikiwa mkononi mwa mtani. Kikivuka, huo si utani tena. Nasi hatutakuwa na jina la kukuita." Nikamwambia naelewa. Nilielewa vizuri sana. Gari lingebaki kwangu, lakini mie nisingekuwa tena mtani wa nyumba yenu, ningekuwa mtu aliyebeba mali ya mjane. Nisingekanyaga Mikocheni kumwita Mama Kulwa mpagazi. Wala wanao wasingenipora kanga yangu siku ya kuzikwa kwangu.

Kabla juma halijaisha, Mama Kulwa alinitumia asali. Aliileta yule yule dereva, kwenye chupa ya maji. Nikaimimina kiganjani, nikaonja mbele yake na mbele ya mafundi wangu. Mnyamwezi, ilikuwa yenyewe. Nyeusi kidogo, ina moshi kwa mbali, inakwaruza koo kabla haijalainika. Nyote mmenisifia asali hiyo tangu nawafahamu na ndiyo hiyo ilikuwa mdomoni mwangu. Ufunguo ulikuwa mfukoni. Nilichotakiwa ni kuutoa.

Nikasema, "Hii ya dukani. Mwambie nimeonja sukari guru."

Mafundi wakacheka. Dereva akacheka. Mie mwenyewe nilicheka, nikafunga chupa, nikamrudishia. Kumbe ulikuwa uongo mtupu uliovaa shuka la utani, na nilijua, na kesho yake alfajiri nikapitisha Mwali kwenye daraja kwenda Kigamboni, nikarudi jua limeshapanda, nimefurahi kupita kiasi. Mama Kulwa hakujibu chochote. Nilipompigia hakupokea. Nikampigia tena. Hakupokea.

Jambo jingine lililokuwa linanisumbua wakati huo lilikuwa dogo, nalitaja kwa sababu utalihitaji. Sisimizi. Walianza mstari mmoja kutoka ukutani mpaka gurudumu la mbele la Mwali, baadaye mistari mitatu, wanapanda, wanaingia kwenye upenyo wa pua yake, wanatoka, wanaingia. Nikamwagia mafuta ya taa sakafuni wakazunguka. Nikanyunyiza dawa wakapumzika siku moja. Chaurembo akatoa uchunguzi wake kwamba sisimizi wa siku hizi wanapenda umeme. Nami nilikuwa na hofu ya ule umeme wako unaoua ng'ombe, basi sikusogeza hata kidole. Nilihurumia sisimizi tu, nikisema hawajui wanaingia wapi.

Juzi Mama Kulwa akaja mwenyewe.

Alikuja peke yake, amevaa nyeusi, mikono mitupu. Akakaa kwenye kochi lisilovalishwa kitambaa bado, juu ya sponji tupu, akakataa chai. Nikaanza utani, nikamwambia mpagazi leo umekuja bila mzigo. Hakucheka. Akasema, "Mwamvita, sikuja kugombana. Nimekuja kukuuliza kitu kimoja, unijibu kama dada. Ile asali aliyokuletea marehemu uliipeleka wapi, mpaka ukasimama mbele ya maiti yake ukadai nyingine?"

Nikamwambia sijapewa asali. Akasema, "Usinifanyie utani kwenye hili." Nikamwapia kwa Mungu wangu. Ndipo akanieleza. Kwamba uliporudi kutoka Tabora safari ya mwisho ulikuja na madumu mawili. Moja ukaliacha jikoni. La pili ukasema hili la Mzaramo, kesho nampelekea mwenyewe nimfunge mdomo. Asubuhi ukatoka na gari. Mchana ukarudi unashika kichwa, ukalala, na kutoka kitandani pale ukapelekwa hospitali, na hospitali hukurudi. "Nikajua umeshapewa," akasema. "Halafu nakuona umeshika ufunguo, unamtangaza mume wangu mbele ya watu kwamba ni mwongo aliyekunyima asali. Nikasema kumbe huyu anataka kula mara mbili. Basi ale na gari."

Hiyo ndiyo ilikuwa "Sikomboi" yake. Uliondoka na dumu nyumbani, na Keko hukufika.

Yeye ndiye aliyewaona. Aliinamisha kichwa kufuta macho, akatazama sakafu, akaufuata ule mstari kwa macho mpaka kwenye pua ya gari. Akauliza, "Mbele umeshafungua?" Nikamwambia mbele kuna injini ya umeme, marehemu amenikataza, inaua ng'ombe.

Mnyamwezi! Mkeo hajacheka tangu tukuzike, ila hapo alicheka. Alicheka mpaka Chaurembo akazima randa kuja kuona kuna nini. "Umeme?" akasema. "Huko ndiko buti liliko! Huko ndiko alikokuwa anaficha karanga zake, daktari alipomkataza chumvi!" Akachukua ufunguo mkononi mwangu, akabonyeza mahali nisipopajua, na pua ya Mwali ikainuka yenyewe taratibu.

Ulikuwa mle. Jozi ya viatu vyako vya mpira vya kuingilia msituni, mfuko wa karanga za chumvi umeliwa nusu, na dumu la manjano umelizungushia lile shati lako la mistari ili lisicheze njiani. Kifuniko kilikuwa kimelegea kwa joto na asali imechuruzika hadi kwenye kola ya shati. Sisimizi walikuwa wamekula haki yao. Iliyobaki ilikuwa dumu karibu lote.

Wiki zote zile. Nikienda Mbagala, nikienda Kigamboni, nikipigiwa saluti Mikocheni, nilikuwa nimebeba asali yangu mbele ya magoti yangu. Nililizuia gari likiwa limeshabeba fidia yake. Ulishajikomboa kabla hata sijakuzuia, ila ule uongo wako wa ng'ombe ndio ulioifunga.

Hapo nililia. Sitakuficha. Nililia kwa sauti, nimeshika lile shati lenye asali na sisimizi, mbele ya mafundi wanaoniogopa. Mama Kulwa akanishika bega akasema, "We! Mtani halii." Nikamwambia nani analia, hii ni dawa ya sisimizi imeniingia machoni. Akasema sawa, basi na mie imeniingia. Tukalia wote dawa ya sisimizi, tumekaa chini, migongo tumeegemea gurudumu la gari lako.

Baadaye tukachovya vidole. Nikamwambia ile ya chupa ilikuwa asali ya kweli na mie nilijua. Akasema, "Najua kwamba ulijua. Nilionja kabla sijaituma. Nikasema tu, gari limemnogea." Halafu akalitazama gari. "Lilimnogea na yeye. Alikuwa akilichaji anakaa ndani, mlango wazi, haendi popote. Namuuliza unafanya nini humo? Anasema napumzisha mgongo."

Nikamkabidhi ufunguo. Mbele ya mashahidi, kwa maneno ya kufaa: kwamba mie Mwamvita, Mzaramo wa Chanika, nimepokea fidia yangu kutoka kwa marehemu mwenyewe, mkono kwa mkono, na sina tena madai juu ya Mwali. Chaurembo akapiga makofi kuliko wote, na nadhani alikuwa anafikiria randa.

Leo asubuhi amekuja kulichukua. Nilitaka kuwaita mafundi watandike mbao, lakini Chaurembo alikuwa amepeleka kabati Mbagala na mwenzake bado hajafika, na Mama Kulwa alikuwa ameshakaa kwenye usukani, kiti amekivuta mbele, amekunja mikono ya gauni. Hajawahi kuliendesha. Aliniambia ulimwomba mara nyingi akakataa, akisema gari la viti viwili ni la mtu asiyejua kwake kuna watu wangapi. Leo akasema anataka kusikia hiyo sauti mliyokuwa mnaizungumza.

Basi nikafanya nini? Nikainama, nikazinyanyua mbao mbili za mninga, za kwako, nikaziweka begani, nikatangulia mbele ya gari.

Tuta la kwanza nikatandika. Akapanda, akashuka. Nikaokota, nikaweka begani, nikatembea. La pili vile vile. Mtaa mzima ulitoka tena, wauza vitanda, wachonga milango, mama wa chapati. Wanajua sana ulivyokuwa unaniahidi. Mmoja akapiga kelele, "Mwamvita, leo unambebea Mnyamwezi!" Wakaitikia wote. Jasho linanitoka, bega linauma, mninga ni mzito, Mnyamwezi, sasa nakubali ni mzito, na nyuma yangu mkeo anapiga honi ya kunihimiza kama mpagazi kweli. Umefurahi sasa? Ile siku yako imefika. Mzaramo amebeba mzigo wa Mnyamwezi kutoka Keko hadi lami, mchana kweupe, na nilikuwa nacheka huku nimepigwa na uchungu wa kukukosa ambao sijawahi kuusikia tangu ulipoondoka, maana kila hatua nilitaka kugeuka nione uso wako.

Kwenye lami alisimama, akashusha kioo. Nikamwambia kanyaga kwa nia. Akakanyaga. Nilisikia injini ikiamka, na juu ya injini nikasikia mtu anapiga kelele kama msichana kwenye pembea. Atalitunza au ataliuza, hilo si langu. Mie nilirudi na mbao zangu.

Keshokutwa ni arobaini yako. Nitakuwepo, nitawapikia ndugu zako wali wa nazi wajifunze kula, na watoto wako nimeshawaambia kwamba siku yangu ikifika wasione haya, wazuie hata kirikuu. Nakuahidi pia kwamba Mama Kulwa hatakaa peke yake Jumapili. Gari lina viti viwili, na kimoja hakina mtu. Nimeshakipima.

Lala salama, mpagazi wangu. Umenilipa, tumelipana, nyumba yako na mie hatudaiani.

Isipokuwa mto. Ule wa majogoo nimeuchomoa kabla sijakabidhi ufunguo, na Mama Kulwa aliniona akageuza uso. Uko hapa nyuma ya kiuno changu ninapoandika. Huo nimeuzuia, na hakuna mwingine wa kuukomboa. Njoo wewe mwenyewe unipokee siku nitakapokuja huko, mgongo unakuuma, nami nitakuwa nao kwapani. Fidia yake unaijua.

Mtani wako,
Mwamvita